Sababu ya Hemal

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, Raïssa alikaa sakafuni katikati ya magoti ya nyanya yake, Koko Agathe, akasukwa nywele. Koko alisuka taratibu, na mikono ikiwa kazini, mdomo nao haukukaa bure.

"Kitendawili," alisema Jumamosi moja ya Septemba.

"Tega."

"Nina kitu. Nikikigawa, hakipungui. Nikikificha, kinaozea mkononi."

Raïssa alitaja moto wa mshumaa. Akataja wimbo. Akataja hata harufu ya maandazi. Koko alicheka tu.

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Nakupa Bukavu."

"Bukavu ni kwetu. Huwezi kunipa kilicho changu. Basi kaa nacho kitendawili hicho mpaka upate mji mwingine."

Raïssa alikunywa chai haraka, akachukua daftari lake na kukimbilia darasa la Kiswahili katika ukumbi wa kanisa, pale Barking. Watoto wa darasa lile karibu wote walizaliwa London. Kiswahili cha wazazi walikielewa, lakini ukiwauliza, wanakujibu kwa Kiingereza. Mwalimu Baudouin, ambaye siku za kazi aliendesha basi, aliwabembeleza mpaka akachoka. Mwaka ule akaja na dawa: mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, ambao watoto waliupenda mno.

Kila mtoto angechagua wachezaji wa kweli na kuunda timu yake ya daftarini. Wachezaji hao wakicheza vizuri kule Marekani, mwenye daftari anapata alama. Sharti lilikuwa moja: kila mchezaji aandikiwe sababu ya kuchaguliwa, kwa Kiswahili.

"Bila sababu, hakuna mchezaji," alisema mwalimu. "Hata majina yenu, wazazi waliyachagua kwa sababu."

"Mimi nina wajomba watatu wanaoitwa Cédric," akasema Cédric. "Nadhani kwetu sababu ziliisha zamani."

Raïssa aliketi na rafiki yake Hemal. Babu yake Hemal alizaliwa Kisumu, na Hemal alikuja darasani ili aweze kuzungumza na mzee huyo kwa lugha ya utoto wake. Familia yake ilikuwa karibu kuhamia Kenton, upande wa pili wa London, kwenye duka la babu.

"Lakini ligi siiachi," Hemal alimwambia Raïssa. "Nitakuja kila Jumamosi, hata kwa treni tatu."

Siku hiyo ilikuwa ya kuchagua. Walipiga kura ya zamu. Hemal akapata ya tatu, Raïssa ya nne. Hemal akasogea karibu na kufungua daftari lake.

"Nataka Tavion Creel," alinong'ona.

Creel alikuwa kwotabeki, yaani yule anayeshika mpira kwanza na kuwarushia wenzake. Alikuwa amejiunga na timu iliyokuwa ikijengwa upya: kocha mgeni, wachezaji wachanga, na mwaka uliopita ilifungwa karibu kila mechi. Watoto wote walimcheka. Hemal aliona kitu kingine.

"Huyu harushi tu, anakimbia," alisema. "Wanaomlinda ni dhaifu, kwa hiyo atakimbia zaidi. Timu yake itafungwa, lakini kila yadi kumi akikimbia ni alama moja kwetu. Tazama nilivyoandika."

Raïssa akasoma: *Nyumba ikiwa na kuta mbovu, mwenye miguu hangoji mlango.*

"Wewe unajua kupima mambo," Hemal akasema. "Nimchukue?"

Raïssa aliona mara moja kwamba mwenzake amepatia. Na papo hapo akamtamani Creel awe wake.

"Mwache," alisema. "Timu inayojengwa upya ni vumbi tupu. Atavunjwa mbavu kabla ya Oktoba."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Zamu ya Hemal ilipofika, akamtaja kwotabeki mmoja mkongwe mwenye jina kubwa. Mwalimu akamgeukia Raïssa.

"Tavion Creel," akasema Raïssa.

Hemal alimtazama.

"Nimebadili mawazo," Raïssa akasema, macho yakiwa kwenye kalamu. Nyumbani, alipotakiwa kuandika sababu, hakuandika ya kwake. Aliandika ile ya Hemal, neno kwa neno.

Mambo yakawa kama Hemal alivyosema. Timu ya Creel ilifungwa Jumapili baada ya Jumapili, naye akakimbia kila alipobanwa, na Raïssa akaongoza ligi. Yule mkongwe wa Hemal aliumia bega mechi ya pili.

"Hemal, timu yako iko chini sana," Cédric alimtania, "hata treni za chini ya ardhi zinapita juu yake."

Hemal alicheka pamoja na wengine, ila kicheko chake kilikatika mapema.

Jumamosi ya sita mwalimu alisema atasoma sababu iliyomfurahisha kuliko zote. Akafungua daftari la Raïssa. "Nyumba ikiwa na kuta mbovu," alisoma, "mwenye miguu hangoji mlango." Darasa likapiga makofi. Raïssa alihisi masikio yakimchoma. Hemal hakupiga makofi. Alifunga daftari lake polepole, akaliweka mkobani.

Raïssa alijiambia, nitamwambia Jumamosi ijayo. Jumamosi ilipofika, kiti cha Hemal kilikuwa kitupu.

"Wamekwisha kuhamia Kenton," mwalimu alieleza. "Nilimpigia simu. Anasema hatarudi, kwa sababu hana akili ya kuchagua."

Wiki nzima maneno hayo yalimfuata Raïssa kama kijiwe ndani ya kiatu. Hana akili ya kuchagua. Na kumbe aliyechagua vizuri kuliko wote alikuwa Hemal.

Jumamosi iliyofuata, Koko akimsuka, alihisi mabega ya mjukuu wake yakitetemeka. "Nimekuvuta nywele?" aliuliza. Raïssa akalia, akaeleza yote. Mikono ya Koko ikasimama.

"Simu haitoshi kwa jambo hili," alisema. "Vaa koti."

Walibadili treni mara mbili. Duka la babu yake Hemal liliuza masufuria na viungo, na mzee mwenyewe alimpokea Koko kwa furaha. "Karibu mama, karibu. Kaa, chai ya tangawizi iko tayari." Hemal alikuwa akipanga pakiti za dengu kwenye rafu.

Raïssa alisimama mbele yake. "Creel alikuwa wako," alisema. "Nilikudanganya ili nimpate. Na ile sababu niliyopigiwa makofi, niliiba kwako."

"Sababu niliitambua," Hemal alisema bila kugeuka. "Kuniibia niliona. Kunidanganya sikujua. Nilidhani kweli ulimwona mbovu, kisha ukaona nisichoona." Akashika pakiti moja muda mrefu. "Kwa hiyo nilikuwa nimepatia?"

"Tangu mwanzo."

Hemal akavuta pumzi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akamtazama usoni.

"Utarudi darasani?" Raïssa aliuliza.

"Siwezi. Nimeshamwahidi babu nitamsaidia kila Jumamosi. Ungeniambia mapema, nisingeahidi."

Raïssa aliinama, akamsaidia kupanga dengu mpaka boksi likaisha. Walipoagana, Hemal alimwambia, "Nimekusamehe."

Jumamosi iliyofuata alisimama mbele ya darasa na kusema yote, hata yale ambayo hakuna aliyemuuliza. Cédric, kwa mara ya kwanza, hakupata mzaha. Mwalimu Baudouin alifuta jina la Raïssa chini ya ile sababu, akaandika la Hemal. Creel akahamia timu ya Hemal pamoja na alama zake zote, na Raïssa akashuka mkiani. Tangu siku hiyo Hemal alituma sababu zake kwa simu kila Ijumaa, na mwalimu akazisoma kwa sauti. Lakini kiti chake kilibaki kitupu, na hakuna aliyeona furaha kukikalia.

Koko alimngoja Raïssa mlangoni mwa ukumbi. Wakatembea kupita sokoni.

"Kile kitendawili changu," Koko akasema, "umepata mji?"

"Nakupa Kenton."

"Kenton nimekwenda. Nimekunywa chai ya tangawizi, nimemwona mtoto aliyepoteza imani na akili yake mwenyewe kwa sababu ya neno moja la rafiki. Jibu ni ukweli, mjukuu wangu. Mtu akikuomba shauri, amekukabidhi macho yake. Mpe ukweli siku ile ile, hautakupunguzia kitu. Ukiuchelewesha, unaweza kusamehewa, kama ulivyosamehewa wewe. Ila Jumamosi zilizokwisha kupita, hakuna wa kukurudishia."

Raïssa aliushika mkono wa Koko, wakaendelea kutembea.