Pikapu Iliyosikia Mpaka Jogoo

Jioni, ukungu ulishuka kutoka msituni ukaingia kwenye migomba bila kubisha hodi. Kindness alikuwa akirudi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Hakuwa na haraka. Alipenda kupita ukingoni mwa mfereji, maana maji ya mfereji yalikuwa na maneno yake, na mtu akitulia aliweza kuyasikia. Kisha, kabla hajafika zizini, angesikia gitaa la Baba mdogo likiimba kutoka chumba cha mbele.

Lakini wiki ile gitaa lilikuwa kimya.

Baba mdogo Eliufoo, mdogo wake baba, alikuwa fundi redio. Umeme ulikuwa umefika nyumbani kwao miaka michache nyuma, naye akageuza chumba cha mbele kuwa karakana. Gitaa lenyewe, jekundu lenye rangi iliyobanduka pembeni, lilikuwa mali ya kwaya ya vijana ya usharika wao. Jumapili kwaya ilitakiwa kuimba Bomang'ombe kwenye tamasha, na wimbo wao mpya ulianza na gitaa peke yake, taratibu, kabla ya sauti za watu.

"Baba mdogo, linaumwa nini?" Kindness aliuliza, akichungulia mlangoni.

"Sikio lake limekufa," alijibu Eliufoo. "Gitaa la umeme lina sikio chini ya nyuzi. Nyuzi zinasema, sikio linasikia, halafu linaipelekea spika habari. Hili halisikii tena. Lakini usijali, nimemwona Mzee Wenseslaus."

Mzee Wenseslaus aliuza vipuri vya mitumba huko Pasua, mjini Moshi. Kindness alimfahamu. Siku moja alikwenda na Baba mdogo kibandani kwake, na mzee akamkalisha juu ya boksi la spika. Mama mmoja akaja akaipenda redio moja nzuri. "Hiyo usichukue, mama," mzee akamwambia. "Itakufia njiani." Kindness aliikumbuka sana sauti ile ya upole.

Alhamisi Kindness alipotoka shule, Baba mdogo alimkuta akivua sare.

"Mimi nakwenda mazoezini. Wewe shuka barabarani ukasubiri. Kuna pikapu inatoka Pasua kwa Mzee Wenseslaus. Ipokee, uilete nyumbani."

"Pikapu?"

"Pikapu, ndiyo. Wahi, mwanangu."

Kindness hakuuliza zaidi. Moyo wake ulikuwa umekwisha kuruka. Pikapu! Kijijini pikapu ilikuwa moja tu, ile ya kubebea ndizi, na yeye hajawahi kuipanda. Aliona picha yote: gari linasimama, dereva anafungua mlango, yeye anapanda nyuma na kusema, "Nyoosha, kisha kata kushoto penye mti ule wa mringaringa." Upepo unampiga usoni, majani ya migomba yanampungia. Akavaa sweta la kanisani, akavaa na viatu. Akashuka.

Barabarani alisimama kando ya mfereji, macho yameelekea chini, Moshi ilikolala kwenye joto. Lilipita lori la mbao. Wakapita wanawake waliotoka sokoni, akawaamkia, wakaitikia. Halafu likaja basi dogo la kutoka mjini. Kindness alisogea pembeni kulipisha, maana yeye alisubiri pikapu.

Basi likapunguza mwendo. Konda akatoa kichwa.

"Wee dada wa kwa Eliufoo! Pikapu yenu hii! Daka!"

Kindness aligeuka kutazama nyuma ya basi. Pikapu iko wapi? Kitu kikamgonga begani, kikaruka, na kutumbukia mferejini.

"Umelala?" konda akacheka, na basi likaondoka.

Kindness aliingia majini na viatu vyake. Alikikamata kifurushi pale maji yalipokuwa yakikivuta chini ya daraja la gogo. Gazeti lililokifunika lilikuwa limegeuka uji. Ndani yake mlikuwa na kitu cheusi, kirefu kama kidole, chenye madoa sita ya chuma mgongoni na nyaya mbili zilizoning'inia kama mikia. Akakitazama. Madoa sita. Nyuzi za gitaa ni sita.

Lilikuwa sikio la gitaa. Sikio ndilo pikapu.

Alitaka kucheka, kisha akataka kulia. Akamkumbuka Calvin, kijana wa darasa lake aliyepiga ngoma kwayani na aliyekuwa na ulimi kama kisu cha kukatia majani. "Calvin akijua nilikuwa nasubiri gari, na sweta la kanisani," alijiambia, "nitaitwa Pikapu mpaka niolewe."

Kwa hiyo aliamua kwamba hakuna atakayejua.

Jikoni moto ulikuwa unawaka na Bibi alikuwa zizini anakamua. Juu ya moto palikuwa na uchaga wa fito. Kila kilicholowa nyumbani kwao kilikaushwa pale, mbegu za mahindi, kuni, hata viatu vya shule wakati wa masika. Kindness alipanda kwenye kigoda, akakilaza kile kitu cheusi mahali penye joto zaidi. Akaenda kuwapa ng'ombe majani.

Aliporudi, kilikuwa kikavu kabisa, na cha moto kama kiazi. Juu ya jiwe la figa aliona matone meupe yaliyoganda, kama ya mshumaa. Hakujua yametoka wapi. Akayafunika kwa majivu. Akatafuta gazeti kavu, akafunga kifurushi upya, na Baba mdogo alipofika akampa kwa mikono miwili.

"Safi sana," Eliufoo akasema. "Hakijapata shida?"

"Hapana, Baba mdogo."

Neno lenyewe lilikuwa dogo. Lilitoka kirahisi mno.

Ijumaa jioni Eliufoo alilegeza nyuzi, akafungua skrubu za bamba la plastiki, na tumbo la gitaa likaonekana. Akayeyusha risasi iliyoshika nyaya za pikapu ile ya zamani, akaitoa, akaweka mpya na kuichomelea. Kindness alishika taa. Vijana wa kwaya walikuwa wamejaa mlangoni, na Gladys, kiongozi wao, alikaa mbele kabisa.

Eliufoo akawasha amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, akapiga uzi mmoja. Sauti ikatoka laini, ikaelea chumbani kama harufu ya kahawa inapochanua baada ya mvua. Kindness alifumba macho. Labda, aliwaza, labda hakuna lililoharibika.

"Ongeza," alisema Gladys.

Eliufoo akaongeza sauti. *Wiiiiiii!* Spika ikapiga ukelele wa nguruwe aliyebanwa mlangoni. Watu wakaziba masikio. Akapunguza, akaongeza tena. *Wiiiiiii!* Akakagua nyaya moja moja, akachomelea upya, akabadilisha waya wa spika. Haikusaidia. Akagonga pikapu kwa ukucha, na spika ikajibu *ko, ko, ko*, kama mtu anayebisha hodi. Mara jogoo wa Bibi akawika dirishani, na sauti yake nyembamba ikatokea ndani ya spika.

"Mmemwajiri jogoo?" Calvin akasema. "Aimbe sauti ya ngapi huyo?"

Walicheka wote, isipokuwa Gladys. "Kaka Eliufoo, bila gitaa wimbo hauanzi. Keshokutwa tutasimama mbele ya sharika zote."

Eliufoo alizima amplifaya. "Sikio la gitaa linatakiwa kusikia nyuzi, basi. Hili linasikia kila kitu. Ni bovu. Mzee Wenseslaus ameniuzia kimeo, na aliniapia kwamba amelipima mwenyewe! Kesho asubuhi nashuka Pasua. Nitamwambia mbele ya wateja wake, kila mtu ajue ni mtu wa namna gani."

Kindness akainamisha taa, uso wake ukabaki gizani.

Jioni ile maziwa yalikuwa na ladha ya majivu. Aliona kibanda cha Pasua, mzee akisema, "Hiyo usichukue, mama." Aliona watu wamekizunguka, Baba mdogo anapaza sauti, na mzee anatazama mikono yake, hajui kosa lake ni lipi. Kuitwa Pikapu ni kitu gani mbele ya hayo? Lakini usiku ule alilala na siri yake.

Asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala uani. Eliufoo alikuwa ameshavaa koti, bisibisi mkononi, anataka kuitoa pikapu aende nayo.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

"Naomba uwashe amplifaya kwanza."

"Ya nini? Nachelewa basi."

"Naomba tu."

Akaiwasha. Kindness alipiga magoti mbele ya gitaa, akasogeza mdomo mpaka nyuzi zikamgusa. Usoni kwa Baba mdogo asingeweza. Lakini kwa sikio lile labda angeweza, maana lenyewe lilikuwapo, lilijua yote.

"Pikapu iliangukia mferejini," alisema.

Kutoka kwenye spika ikatoka sauti ndogo, yenye kukwaruza, kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya chungu: *iliangukia mferejini.* Kindness alishtuka kuisikia. Ilikuwa sauti yake, lakini sasa ilikuwa nje, haikuweza kurudi.

"Nilikuwa nasubiri gari. Sikujua kwamba sikio linaitwa pikapu. Nikaona aibu. Nikaianika uchagani, juu ya moto. Mzee Wenseslaus hana kosa."

Mfereji ulisikika mbali. Eliufoo aliweka bisibisi mezani.

"Rudia hapo mwisho."

"Mzee Wenseslaus hana kosa."

"Kabla ya hapo. Uliianika wapi?"

"Uchagani."

"Juu ya moto? Ukaona kitu chochote kimedondoka?"

"Matone meupe. Kama ya mshumaa."

Eliufoo akajishika kichwa, kisha, Kindness hakuamini macho yake, akaanza kuvua koti.

"Nta!" alisema. "Njoo uone. Ndani humu kuna waya mwembamba kuliko unywele wako, umezungushwa maelfu ya mara. Nta ndiyo inaushika usitikisike. Wewe umeiyeyusha nta, waya umelegea, kila sauti inautetemesha. Ndiyo maana inapiga kelele, ndiyo maana inasikia jogoo! Mimi ningekesha mwaka mzima nakagua risasi. Bibi! Bibi, ile nta ya mzinga bado ipo?"

Bibi alikuwa na mzinga wa nyuki kwenye mringaringa nyuma ya zizi. Alileta donge la nta lililofungwa kwenye jani la mgomba. Walimweleza yote, naye akaweka sufuria ya maji jikoni, na ndani yake akaweka sufuria ndogo yenye nta.

"Moto usiiguse nta moja kwa moja," alisema. "Iyeyuke polepole. Kitu kilichoharibiwa na haraka hakitengenezwi na haraka."

Eliufoo aliifungua pikapu kutoka kwenye gitaa, akaichovya akiishika kwa nyaya. Vipovu vidogo vikaanza kupanda, kimoja kimoja, kama samaki wanaopumua chini ya maji. Harufu ya asali ikajaa jikoni. Wakakaa wakitazama mpaka kipovu cha mwisho kikapasuka na nta ikatulia kama kioo. Wakaitoa, wakaifuta, wakaiacha ipoe yenyewe.

Mchana kwaya ilikusanyika. Eliufoo alipiga uzi, akaongeza sauti, akaongeza tena. Gitaa likaimba hadi migomba ikaonekana kusikiliza. Jogoo akawika, na safari hii aliwika peke yake.

Gladys alipiga makofi. "Umemrudishia Mzee Wenseslaus?"

"Hapana," alisema Eliufoo. "Na jana mbele yenu nilisema mzee yule ameniuzia kimeo. Nilisema uongo bila kujua. Nayafuta maneno yangu mbele yenu hapa hapa."

Alimtazama Kindness. Hakumsukuma, alimtazama tu. Kindness akasimama, akasimulia mwenyewe, mpaka lile sweta la kanisani.

"Ulikuwa unasubiri *gari*?" Calvin akapiga kelele. "Jamani, huyu ni Pikapu!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Kilikuwa kicheko kile kile alichokiogopa tangu Alhamisi. Kilimpitia kama mvua ya rasharasha, kikaisha, na Kindness akajikuta yeye pia anacheka.

Jumapili alfajiri gari la kubebea ndizi lilisimama penye mringaringa, nyuma limepangwa mabenchi kwa ajili ya kwaya. "Kindness!" Eliufoo aliita. "Leo pikapu ni hii yenye magurudumu. Njoo ushike gitaa."

Bibi alikuja kuwaaga. Alimfunga Kindness kifungo cha sweta, kisha akamshika kidevu.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kuangusha kitu si dhambi, na kutojua neno si aibu, uliza, utaambiwa. Aibu ni kuficha. Ulipoficha, fundi hakujua ugonjwa, na mtu asiye na kosa akabebeshwa mzigo wako. Nta iliyeyuka, tukapata nyingine, kwa sababu nyuki tunao. Jina la yule mzee lingeyeyuka huko Pasua, tungelitafuta kwenye mzinga gani?"

"Nimeelewa, Bibi. Tukirudi nitakwenda kumwamkia, nimweleze mwenyewe."

"Aika, asante, mwanangu. Mpelekee na asali."

Gari likaondoka. Upepo ulimpiga Kindness usoni na majani ya migomba yakampungia, kama alivyoota. Nyuma yao ukungu ulipasuka na Kibo, kilele cha mlima Kilimanjaro, ikajitokeza, nyeupe kama donge la nta. Gitaa lilikuwa mapajani mwake. Akagusa uzi mmoja kwa kidole, polepole, akainama kusikiliza.