Siku Bwana Mafua Aliponyamaza

Kila siku nikitoka shule, kabla hata sijavua viatu, nilisikia sauti mbili kutoka chumba cha mbele cha nyumba yetu. Ya kwanza ni ya mashine ya shangazi ya kuchapa: ta-ta-ta-ta, ta-ta-ta-ta, mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Ya pili ni ya Bwana Mafua.

Bwana Mafua si mtu. Ni sauti iliyomo ndani ya kompyuta ya shangazi. Shangazi yangu, dada yake baba, haoni tangu akiwa na miaka sita, kwa hiyo kompyuta yake ina programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Sauti yenyewe imebana puani utadhani imelala nje kwenye baridi, ndiyo maana baba aliipachika jina hilo, na jina likaganda. Shangazi huiendesha kasi mno, sisi wengine tunasikia mvumo tu. Yeye anasikia kila neno. Anabonyeza, anasikiliza, anasahihisha, anaendelea. Kipanya hakigusi kabisa. Vidole vyake kumi viko kwenye kibodi na vinajua njia zote.

Kazi yake ni kuandaa vitabu na mitihani kwa nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole. Mwalimu anamletea maandishi ya kawaida, yeye anayageuza, anayapitia na Bwana Mafua mstari kwa mstari, kisha mashine inayapiga kwenye karatasi nene. Mimi nilikuwa nikiilisha mashine karatasi na kupanga kurasa. Shangazi aliniamini hata akanipa neno la siri la kompyuta. Nyumba nzima tulilijua watu wawili tu, yeye na mimi, na nilivyokuwa nikijidai kwa jambo hilo, acha tu!

Mimi aliniita Chapchap, kwa kuwa sijui kungoja. Chai naigugumia ikiwa bado inatoa moshi, na maswali nayajibu kabla mwalimu hajayamaliza.

Alhamisi moja shangazi alikwenda kupeleka vitabu shuleni. "Fanya kazi zako za shule hapo kwenye kompyuta," aliniambia akichukua fimbo yake nyeupe. "Nakuachia, itunze."

Kazi za shule? Thubutu! Wiki nzima wenzangu darasani hawakuwa na habari nyingine ila mchezo mmoja wa mbio za magari, unaochezwa na watu wengi kwa pamoja kwenye intaneti. Kila mtu alikuwa na gari lake isipokuwa mimi. Basi shangazi hata hajafika njia panda, nami nimeshaanza kuupakua.

Kikafunguka kidirisha kilichojaa maandishi. Nilikuwa nimempunguzia Bwana Mafua mwendo, akaanza kusoma taratibu kwa pua yake: "Mchezo huu utaweka pia programu iitwayo Mlinzi, ili kuzuia wachezaji wadanganyifu. Mlinzi atawaka kila kompyuta inapowashwa, naye ata—"

"Hebu nyamaza wewe!" nilisema, nikabonyeza kitufe cha kumzima. Nikabofya "Nakubali". Kompyuta ikaomba neno la siri, nikaliandika. Ikaomba kuzimwa na kuwashwa upya, nikakubali. Nilicheza saa nzima, nikashika nafasi ya pili kutoka mwisho, na furaha niliyokuwa nayo haielezeki.

Ijumaa niliporudi kutoka shule, nyumba ilikuwa kimya. Hakukuwa na ta-ta-ta wala Bwana Mafua. Shangazi alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, nyaya zimetapakaa mapajani.

"Chapchap, njoo. Bwana Mafua ananinunia tangu asubuhi. Namwita, haitiki. Ulimgusa jana?"

"Mimi? Sijui, shangazi. Labda kompyuta imechoka."

Aligeuza uso kuelekea kwangu. Kisha akampigia simu fundi wake wa kompyuta. Fundi alikuwa safarini, angerudi Jumanne. Na mtihani ulikuwa Jumatatu! Mwalimu angekuja Jumapili mchana kuchukua karatasi za wanafunzi wanane wasioona, ambazo maswali yake yalikuwa tofauti na yetu, na shangazi alikuwa hajachapa hata ukurasa mmoja.

Alipokwenda kuoga niliruka kwenye kiti chake, nikautoa ule mchezo upesi upesi. Picha ya gari ikapotea. Nikajipongeza kimoyomoyo, nikaiwasha upya kompyuta, nikatega sikio.

Kimya.

Jumamosi asubuhi nilimsikia shangazi akizungumza na mwalimu kwenye simu. Sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Mwalimu, naona haya kukuambia. Nadhani itabidi wale wanane wasomewe mtihani na watu. Mimi nimeshindwa."

Mmoja wa wale wanane ni jirani yangu wa dawati. Tunamwita Redio kwa kuwa mdomo wake hauna swichi, na hesabu anatushinda sote. Aliwahi kusomewa mtihani mwaka mmoja. "Ni kama mtu na akili zako ulishwe uji kwa kijiko," aliniambia. "Ukitaka kurudia swali la nne, mpaka uombe. Ukiomba mara ya tatu, msomaji anaguna. Basi unaliacha." Mwaka ule Redio alitoka wa kumi na tisa.

Nikaingia chumba cha mbele machozi yananitiririka. Nikasema yote, tangu gari hadi kumzima Bwana Mafua hadi kuufuta mchezo kwa kujificha.

Shangazi aliweka simu mezani polepole. "Jana nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"Nilikaa hapa siku nzima nikichomoa nyaya na kuchomeka, nikidhani nimeharibu mimi. Nikasema labda kazi hii imeanza kunishinda. Mchezo ningekusamehe papo hapo. Hilo 'sijui' lako ndilo lililoniuma."

Nililia tu. Aliniacha nilie kidogo, kisha akapiga makofi mara mbili.

"Haya, basi! Kilio kina wakati wake, sasa kuna kazi. Kaa hapa. Leo utakuwa macho yangu. Niambie, Bwana Mafua alisema nini kabla hujamziba mdomo?"

Nikamweleza kile nilichokumbuka kuhusu Mlinzi.

"Ehee!" Shangazi aliinuka nusu kwenye kiti. "Fikiri nami. Mdanganyifu wa mchezo hutumia nini? Programu ya kuchungulia kioo na kubonyeza vitufe kwa niaba yake. Je, Bwana Mafua kazi yake nini?"

"Kuchungulia kioo..."

"Umeona? Mlinzi amemdhania mwizi, amemfungia nje."

"Lakini mchezo nimeshautoa!"

"Umemtoa mgeni. Askari wake bado kasimama mlangoni petu, kila asubuhi anaamka wa kwanza." Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu jana. Nilimtazama kwa mshangao. Alikuwa hajaona kioo, hajasikia neno hata moja kutoka kwenye kompyuta ile, lakini alishajua adui ni nani na yuko wapi.

"Bonyeza vitufe nitakavyokutajia," alisema. "Ukiona maandishi, nisomee. Yote, hata yale madogo."

Akanitajia vitufe kwa kichwa, kimoja baada ya kingine, na orodha ya programu zote za kompyuta ikafunguka. Zilikuwa arobaini na moja. Nilizisoma moja moja, mengine majina ya kigeni yananipinda ulimi, na shangazi akinieleza kila moja: hii ni ya printa, hii ni ya sauti, hiyo iache. Ya ishirini na saba ilikuwa Mlinzi.

"Mwondoe."

Kikaja kidirisha. Nikasoma: "Una uhakika unataka kumwondoa Mlinzi? Ndiyo. Hapana." Nikabofya "Ndiyo". Tukaiwasha upya kompyuta, tukangoja.

Kimya.

"Ulinisomea yote?" aliuliza shangazi.

"Yote."

"Chapchap." Alisema taratibu. "Nilikisikia kipanya kikilia kabla pumzi yako haijaisha. Rudi."

Nikarudi, uso unaniwaka. Mlinzi alikuwa bado yumo kwenye orodha, hana habari! Nikakifungua kile kidirisha tena. Chini kabisa, kwa herufi za kijivu ndogo kama chawa, kulikuwa na mistari miwili niliyoiruka. Nikaisoma kwa sauti: "Kwanza mzime Mlinzi kwenye alama ya ngao iliyo karibu na saa." Na wa pili, wenye kisanduku kilichokwisha kuwekwa alama ya vema: "Mlinzi aendelee kulinda kompyuta hii kwa ajili ya michezo mingine."

"Wajanja hao!" Shangazi alipiga paja. "Wameshakujibia kabla hujaulizwa. Toa hiyo alama. Halafu itafute hiyo ngao."

Niliitafuta, nikaiona, nikamzima Mlinzi. Niliondoa alama ya vema. Safari hii nilisoma kidirisha chote mara mbili, mpaka nukta ya mwisho, ndipo nikabofya. Neno la siri likaombwa. Nikanyoosha mkono kuliandika, lakini shangazi akaivuta kibodi upande wake, akaliandika mwenyewe. Afadhali angenikaripia.

Kompyuta ikazima, ikawaka. Shangazi akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, nikatambua kuwa muda wote ule naye alikuwa na hofu.

"Karibu," ilisema sauti iliyobana puani. "Kompyuta iko tayari."

"Bwana Mafua!" tulipiga kelele pamoja. Baba alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi akidhani kuna nyoka.

Lakini shangazi hakuridhika. Sasa aliweza kupita mwenyewe, akapita kila kona ya kompyuta kama mtu anayefagia uvunguni. Akaipekua orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe, akakuta faili moja la Mlinzi limejibanza, akalifuta. Akaiwasha upya mara mbili kuhakikisha. Kisha akakunja mikono ya gauni lake.

"Haya, lisha mashine karatasi."

Jamani, kama hamjamwona shangazi yangu kazini, hamjaona mtu akifanya kazi. Bwana Mafua aliunguruma kama nyuki, vidole vikaruka kwenye kibodi, mashine ikapiga ta-ta-ta-ta hadi jua linakuchwa. Nakala ya kwanza ya kila swali aliipitia kwa kidole. Kwenye swali la sita alisimama. "Pembe tatu hii ina nukta moja pungufu. Mtoto atadhani ni mstari." Mimi nilikuwa nimeuangalia mchoro huohuo kwa macho yangu na sikuona lolote. Akaufanya upya, nakala zote nane. Jumapili mwalimu alipobisha hodi, furushi lilikuwa mezani, limefungwa kamba.

Jumatatu Redio alitoka kwenye mtihani akiringa. "Swali la nne nimelirudia mara tatu," alisema, "na hakuna aliyeguna." Nilimwambia ukweli wote, kwamba nusura nimkoseshe kwa ajili ya gari la kwenye kompyuta. Alinitazama, maana yeye humtazama mtu kwa kukaa kimya, na kwa Redio kimya ni kitu kikubwa. Kisha akasema, "Ukirudia tena, nakuhama dawati."

Jioni nilipeleka habari kwa shangazi. Alifurahi, akanivuta nikae karibu naye.

"Nikuambie kitu, mwanangu," alisema. "Mimi ukurasa unanijia neno kwa neno, kwa hiyo siachi hata moja. Wewe unaona ukurasa mzima mara moja, ukadhani umeshausoma. Kila mara kompyuta inapokuomba ukubali, kuna mtu anaomba kuingia nyumbani. Msikilize mpaka amalize, ujue anakuja na nani. Usipoelewa, uliza. Na ukikosea, sema siku ileile. Kosa la Alhamisi lilikuwa dogo. Uongo wa Ijumaa ndio uliolikuza, karibu liwafikie watoto wanane."

"Nisamehe, shangazi."

"Nilishakusamehe uliposoma ile mistari ya kijivu."

Nikakohoa kidogo. "Na neno la siri? Umelibadilisha?"

"Nimelibadilisha."

"Utaniambia lini?"

"Chapchap!" alisema, akaangua kicheko.

Nami nikacheka, japo nilijua jibu: mpaka nijifunze kungoja. Kioo kikatoa kidirisha, Bwana Mafua akaanza kusoma tangazo refu la kusasisha programu, refu kweli, kwa pua yake ileile. Kidole changu kilikuwa karibu kabisa na kitufe cha kumzima. Nilikikunja, nikaweka mikono mapajani, nikamsikiliza mpaka mwisho. Niliona shangazi anatabasamu.