Zabuni ya Masweta

Baridi ya Iringa mwezi wa saba haina adabu. Asubuhi hiyo Soko Kuu lilijaa watu waliojikunyata ndani ya makoti, na kwa Naima hiyo ilikuwa neema. Alikuwa ametoka Mbeya na mzigo wa masweta, akakodi kibanda cha siku moja, akasimama mbele yake na mtandio wa zambarau, gauni la kitenge cha kijani na mdomo usiojua kuchoka. Ghafla akamwona mwanamume mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, ameshika sweta shingoni, analivuta kwa mikono miwili.

"Kaka, umetumwa kununua au kuchana?"

"Naangalia linavumilia kiasi gani."

"Nimelifuma mwenyewe hilo. Linavumilia kuliko mimi. Vuta tena uone nani atachanika kwanza."

Mwanamume akacheka, akalivuta tena, makusudi. Halikuchanika. Akanunua mawili, na la pili lilikuwa kubwa kiasi cha kumtosha yeye na jirani yake. Mwanamume akinunua asichokihitaji, ujue amenasa.

Jina lake Nasri. Alikuwa afisa manunuzi wa shule binafsi ya wasichana nje kidogo ya mji, njia ya Tosamaganga, na kuvuta mishono ilikuwa ndiyo kazi yake. Naima alikuwa na karakana Soweto, Mbeya: chumba kimoja, mashine tatu za kufumia, na wanawake wawili waliomtegemea.

Simu zikaanza.

"Bosi wa masweta, umeamkaje?"

"Sijaamka. Anayeongea ni ndoto yako."

"Basi ndoto, Jumapili nakuja Mbeya. Nipikie."

"Uje na njaa, mpenzi. Na uje na hilo sweta kubwa, nikucheke."

Alikuja Jumapili hiyo, na nyingine nyingi. Walitembea mpaka viatu vikachafuka, wakala viazi vya kukaanga, wakabishana kila kitu. Naima alimpenda, na hakujificha. Nasri alimpenda zaidi ya alivyojua kusema.

Oktoba shule ikatangaza zabuni: kusambaza masweta ya wanafunzi wote kwa miaka miwili. Naima alilisoma tangazo kwenye simu mara tatu. Wateja wa rejareja walikuwa wamepungua, mitumba imejaa kila kona, na mwenye chumba alikwishataka chumba chake. Bila mkataba ule, karakana ingefungwa kabla ya mwaka mpya.

"Mwambie shemeji akubebe," alisema Esta, mfumaji wake.

"Abebwe mtoto mchanga! Mimi nitashinda kwa mikono yangu. Na hata yeye hajui naomba. Sitaki mtu aseme Naima alipata kazi kwa kupendwa."

Akaandaa bei, akafuma sampuli ya rangi ya damu ya mzee kama tangazo lilivyotaka, akatuma shuleni. Siku hiyohiyo, kwa basi hilohilo, akamtumia Nasri sweta la kijivu la siku yake ya kuzaliwa, juu ya kifurushi ameandika "Sweta la zawadi". Akili ya mapenzi bwana! Hakuona ubaya wowote.

Nasri aliuona. Jina la karakana lilikuwa juu ya bahasha ya zabuni, na mkononi ameshika zawadi kutoka kwa mwombaji. Alijua miiko ya kazi yake: zawadi hairuhusiwi, na mazungumzo ya pembeni hayaruhusiwi mpaka mshindi atangazwe. Angeweza kumpigia simu moja tu amweleze. Lakini alikuwa mtu wa kunyooka kama pasi ya shati lake, akaona hata simu moja ni dhambi. Akarudisha sweta kwa basi, kifurushi hakijafunguliwa. Akaandika ujumbe: "Usinipigie kwa sasa. Utaelewa."

Naima hakuelewa kitu. Alipiga, haikupokelewa. Akapiga tena.

"Ana mwingine," Esta akasema. "Mwanaume harudishi nguo hivihivi."

Naima alilia mpaka mtandio ukalowa. Kisha akanawa uso. "Mwanaume aende, lakini zabuni siiachi."

Siku ya kufungua bahasha, waombaji wote walialikwa shuleni. Naima alivaa suti nyeusi ya Esta iliyombana kiunoni, akapaka wanja, akaketi mstari wa mbele makusudi. Nasri alikuwa mezani, kando ya mkuu wa shule, Mwalimu Benedicta Kalinga. Amekonda. Naima alifurahi kuona amekonda, kisha akaona huruma, kisha akajikasirikia.

Mwalimu Kalinga alipoinua bahasha ya kwanza, Nasri akasimama.

"Samahani Mwalimu. Naomba nitoke kwenye kamati."

"Kuna nini tena?"

"Mmoja wa waombaji ni mwanamke ninayetaka kumuoa. Sijamwambia. Hata simu zake sikupokea tangu bahasha yake ifike. Sistahili kugusa kitu hapa."

Ukumbi ukalipuka kwa minong'ono. Naima alihisi masikio yanawaka moto. Furaha na hasira zilimjia pamoja, akashindwa ashike ipi.

Mzee Joachim, msambazaji wa siku nyingi, akanyanyuka. "Basi na huyo mwanamke aondoke! Tutajuaje hawakupanga?"

Mwalimu Kalinga akavua miwani. "Ni nani?"

"Ni mimi," Naima akasimama. "Na sijitoi, Mwalimu. Huyu atoke, sawa, ni haki. Lakini mimi nina watu wananitegemea. Sampuli zote ziondolewe majina. Ziloweshwe, zikamuliwe, zivutwe mbele yetu sote. Langu likichuja, naondoka bila kusema neno."

"Hilo ni jambo la haki," Mwalimu akasema. "Leteni beseni."

Nasri alitoka bila kugeuka. Masweta yakaloweshwa. Maji ya la kwanza yakawa mekundu, la pili likalegea shingo. La tatu likatoka na rangi yake na umbo lake. Mzee Joachim alilivuta mwenyewe, kwa nguvu zote, akaliweka mezani polepole.

"Hili sitashindana nalo," akasema.

Majina yakafunuliwa, la tatu likawa la Naima. Bei zikasomwa, na ya Naima haikuwa juu. Kamati ikakaa peke yake, ikarudi na jina lake.

Nasri alikuwa amesimama nje, karibu na geti.

"Mlipokuwa ndani nilimwandikia Mwalimu ujumbe, nikaomba nihamishiwe idara ya usafiri," alisema. "Kama ungeshinda, nisije kuwa mimi ninayekagua mzigo wako. Mwalimu amekubali."

"Ulinitesa, Nasri. Nilidhani nimeachwa. Neno moja tu lingekuua?"

"Niliogopa watasema nimekubeba."

"Na mimi niliogopa hivyohivyo, ndiyo maana sikukwambia." Akapumua. "Wote wajinga."

"Nisamehe, mpenzi. Na sweta langu?"

"Nimeliuza. Kwa mwanaume anayepokea simu."

Nasri alicheka mpaka akashika ukuta. Naima akajitahidi kununa, akashindwa.

Jioni akiwa kwenye basi la Mbeya, simu ikaita.

"Baba mdogo anauliza, Jumamosi hii tulete posa?"

Naima aliwaza nyuzi za kununua, mfumaji wa kuongeza kwenye mashine ya tatu, wasichana waliohitaji masweta kabla ya Januari. Akawaza pia shati jeupe limesimama mezani, likisema mbele ya watu jambo ambalo hakuwahi kuambiwa faraghani.

"Jumamosi tunafuma," alisema. "Njooni Jumapili."