Majina Aliyoyaficha Baba

Kila Jumamosi Raisa alifua sare zake, akazianika nyuma ya nyumba yao mtaani Amalemba, kisha akaketi mlangoni kufanya kazi ya shule. Jumamosi hiyo mwalimu alikuwa amewaagiza waandike habari za ukoo wao.

"Baba, mlizaliwa wangapi?" aliuliza.

Jamal, baba yake, alikuwa akivaa viatu aende karakana yake ya kuchomelea vyuma. "Andika mimi na shangazi yako Asiya. Inatosha."

Raisa alipenda sana habari za watu wa zamani, hivyo hakutosheka. Mchana huo Shangazi Asiya alipokuja kuwatembelea kutoka Mumias, Raisa alimwuliza yeye.

"Tulikuwa watano, mwanangu," Shangazi alisema bila kubembelezwa. "Khalid, Zuhura na Swaleh walifariki wakiwa wadogo. Mikono iliwavimba, wakalia kwamba mifupa inauma. Majirani wakasema nyumba yetu imelaaniwa. Watoto wao wakakatazwa kucheza na baba yako."

Raisa aliandika yote. Jioni baba aliisoma ile karatasi, akaichana. "Usiyataje majina haya tena, hapa wala shuleni," alisema kwa sauti ya chini. Raisa akaahidi. Akaandika upya kwamba baba yake ana dada mmoja tu.

Wiki mbili baadaye Mubarak, mdogo wake wa miaka mitatu, aliamka akilia. Mikono na miguu yake ilikuwa imevimba, na hakutaka kuguswa. Walimpeleka zahanati, akapewa dawa ya malaria, lakini hakupata nafuu. Siku ya nne macho yake yalikuwa ya manjano. Mama alimlowesha midomo kwa kijiko, maji yakamwagika shingoni. Wote wakaondoka kwenda hospitali.

Daktari Jerotich alimpima mtoto polepole. "Katika ukoo wenu, kuna mtoto aliyewahi kuugua hivi, au kufariki akiwa mdogo?"

"Hakuna," Baba alijibu, akitazama sakafu.

Raisa alimwangalia Mubarak. Sasa hakuwa na nguvu za kulia. Alikuwa akinung'unika tu.

"Wapo, daktari," Raisa alisema. "Ni watatu." Akayataja majina, na yale aliyoambiwa kuhusu mikono na mifupa.

Baba alifunika uso wake. Raisa alingoja agombezwe.

"Ni kweli," Baba alisema mwishowe. "Swaleh alifia mapajani mwangu. Nilikuwa na miaka tisa."

Damu ilipimwa, na daktari akawaita. "Ni selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita siko seli. Mtoto huurithi kutoka kwa wazazi wote wawili, hata kama wao hawaugui. Si laana wala kosa la mtu. Ugonjwa huu una dawa za kuudhibiti, na sasa tunajua la kufanya."

Mubarak aliwekewa maji kwenye mshipa na dawa ya kutuliza maumivu. Siku mbili zilipita bila mabadiliko, na Mama hakutoka kando ya kitanda. Siku ya tatu mtoto aliomba uji.

Baba alimkuta Raisa kwenye benchi nje ya wodi.

"Nisamehe, Baba. Nilivunja ahadi."

"Mimi ndiye wa kuomba msamaha. Shangazi yako husimulia habari zao kwa sababu hataki wasahaulike. Mimi nikiyasikia majina hayo, namsikia Swaleh akilia. Ndiyo maana nimekuwa nikiyakimbia." Akaketi kando yake. "Mtu anaweza kukaa kimya kwa sababu ya uchungu, na asilaumiwe. Lakini ukweli ukihitajika ili mwingine apone, useme, Raisa. Useme hata ukiogopa, hata kama aliyekukataza ni mimi."

Raisa alimsogelea. "Zuhura alikuwa mtoto wa namna gani?"

Baba alipangusa macho. "Mchokozi," akasema, na kwa mara ya kwanza akaanza kusimulia.