Nusu ya Zahoro

Uliza Kariakoo yote ya wakati ule wa ruksa, bidhaa zilipoanza kumwagika kutoka Dubai hadi watu wakakosa pa kukanyaga. Wangekwambia kwamba Salem, muuza kanga wa Mtaa wa Narung'ombe, haogopi jini wala mchawi. Kama kuna kitu alikiogopa ni panya, maana panya hutoboa kanga.

Basi Salem huyo aliacha sigara. Hakuacha kwa kupenda. Anfal, binti yake wa pekee, msichana wa miaka sita, alikuwa na pumu, na Ijumaa moja baada ya swala kifua kilimbana hadi midomo ikabadilika rangi. Daktari aliponusa shati la baba mtu hakupoteza maneno. "Bwana, kifua hiki hakitaustahimili moshi wako." Salem alitoka nje, akaipondaponda pakiti iliyokuwa mfukoni, na hakugusa sigara tena.

Haikupita muda, mwili ukaanza vituko. Vidole vilimwasha kama vimetembelewa na sisimizi. Ulimi ukawa na ladha ya chuma. Kisha kope ya juu ikaanza kumcheza, asubuhi hadi jioni.

"Kope ya juu hiyo," Nunu mkewe alimwambia akimmiminia chai. "Utamwona mtu ambaye hujamwona siku nyingi."

"Alimradi asiwe mama yako."

Nunu alimpiga na kitambaa cha meza, wakacheka.

Hata hivyo Salem alipita kwa Lalit, mwenye duka la dawa mtaa wa pili, akaeleza tatizo lake. Lalit alicheka vilevile. "Mwili ulizoea, Salem bhai. Umeukatia ghafla, sasa unafanya fujo. Mimi nilipoacha, shavu lilinicheza mpaka wateja wanawake wakadhani nawakonyeza. Kunywa maji mengi, utatulia."

Haukutulia. Ule mchezo ulihama kopeni ukashuka shingoni, ukapita mkononi, ukaja kukaa kwenye paja la kulia, juu kidogo ya goti. Hapo ukapata mwendo wake. Mara mbili, kisha kimya. Mara mbili, kisha kimya.

Sasa lazima umjue Zahoro. Alikuwa fundi cherehani, na miaka mingi mashine yake ilikaa barazani kwa Salem, ubavuni mwa benchi lake. Katika ile miaka ya foleni, sigara ilipatikana kwa kujuana, na marafiki hawa wawili walivuta moja kwa zamu. Salem aliiwasha. Ikifika nusu, Zahoro, mguu ukiwa kwenye pedeli na macho kwenye mshono, alimgonga pajani kwa vidole viwili, mara mbili. Maana yake, basi, iliyobaki yangu. Neno hakusema.

Zahoro alikufa kwa kifua kabla neema haijaja. Sigara zilipojaa madukani, Salem angeweza kuvuta nzima akitaka, lakini roho yake haikumruhusu. Ikifika nusu aliiweka mwisho wa benchi, pale palipokuwa na cherehani, akaiacha iungue yenyewe. Watu walimtania wakachoka. "Ya Zahoro hiyo," aliwajibu, na miaka ikaenda. Alipoacha, aliwaambia mkewe, majirani na msikiti mzima. Zahoro hakuambiwa.

Siku ya siku ilikuwa alasiri, jua la kuchoma, duka halina mteja. Salem alikaa kwenye benchi, kikoi kiunoni, paja likaanza. Akalitazama.

Msuli ukicheza huinua nguo. Hilo hata mtoto analijua. Kikoi hiki hakikuinuka. Kilibonyea. Vibonyeo viwili, ubavu kwa ubavu, vya ukubwa wa ncha za vidole. Vikabonyea, vikaachia. Vikabonyea tena.

Salem akaweka kiganja juu ya paja kulifunika. Akagongwa juu ya mgongo wa kiganja.

Jasho likamtoka. Watu walikuwa wanapita na mizigo yao, na redio ya duka la jirani ilikuwa inaimba.

"Zahoro?" alinong'ona.

Akaangalia kama kuna mpita njia anayemsikia.

"Nimeacha, ndugu yangu. Mtoto ana pumu."

Mara mbili. Safari hii kwa nguvu, ngozi ikauma.

Aliogopa, ndiyo, lakini pia alikereka, na mtu aliyekereka ulimi humtangulia. Akasema kile ambacho kila mwenye duka humwambia jamaa anayemsumbua dukani naye hana la kumpa. Zahoro mwenyewe alikuwa akiambiwa hivyohivyo kila ilipofika saa ya chakula.

"Mimi hapa sina kitu. Nenda nyumbani, watakupa."

Paja likatulia.

Likatulia kabisa. Mwili wote ukawa mwepesi, hata ule mwasho wa vidole ukaondoka. Salem alishusha pumzi, akamwita muuza kahawa, akachukua na kashata. Alikuwa anapeleka kikombe mdomoni ndipo aliposikia alichokisema. Nyumbani. Watakupa. Nani atampa, na atampa nini?

Kikombe kilimponyoka. Mfanyabiashara yule wa Kariakoo aliacha duka wazi, kanga zikining'inia, akakimbia na kikoi chake mpaka nyumbani kwake, mtaa wa Gerezani.

Nunu alikuwa uani anachambua mchele. "Mbona unahema hivyo? Hukupishana na mgeni wako?"

"Mgeni gani?"

"Mimi sikumwona. Nimesikia mlango unagongwa, mara mbili, Anfal akaenda kumkaribisha. Mtoto ameniambia ni rafiki yako wa dukani."

"Ameondoka?"

Nunu aliacha mchele. Akashusha sauti. "Sijausikia mlango."

Anfal alikuwa sebuleni, kwenye mkeka. Alikaa pembeni kabisa, kama aliyempisha mtu. Hakulia. Hakukohoa.

"Rafiki yako haongei, baba," alisema. "Anagonga tu."

Salem alipiga magoti, akaweka sikio kwenye kifua cha mwanawe. Pumzi iliingia. Ikafika katikati. Ikasimama. Kimya kirefu. Kisha ikatoka.

"Vuta yote, mwanangu," alimnong'oneza. "Vuta pumzi yote."

"Yote si yangu, baba."

Jioni ileile Salem alirudi barazani na pakiti mpya. Akawasha sigara, akaivuta hadi nusu huku analia waziwazi mbele za watu, akaiweka mwisho wa benchi. Haikuungua. Ilizima palepale. Akawasha nyingine, ikazima. Akamwomba Zahoro msamaha kwa jina lake na la mama yake, lakini pajani hakugongwa tena, siku ile wala siku nyingine yoyote. Kichwani mwake lilibaki jambo moja, nalo lilimla mpaka akazeeka: sigara aliiacha ili mtoto apumue, na kwa ulimi wake mwenyewe akaigawa pumzi ya mtoto huyohuyo.

Anfal aliishi. Madaktari walimpima mara nyingi, wasione ugonjwa mpya. Alikua akawa msichana mzuri, mpole, asiyeweza kukimbia wala kuimba. Akapata mchumba.

Siku ya hina walimwita mchoraji hodari kuliko wote. Hina ilishika mikono yote miwili, nyeusi, safi, isipokuwa vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Walirudia, ikakataa. Kwenye ncha za vidole hivyo palikuwa na rangi nyingine, ya manjano iliyokolea kuelekea kahawia. Walisugua kwa limau, kwa sabuni, kwa majivu. Nunu aliinama akavinusa, kisha akatuma mtu amwite Salem.

Salem alikuja, akavipeleka vidole vya binti yake puani. Binti ambaye hajashika sigara maishani mwake. Alivirudisha polepole mapajani pake, akatoka nje.

Harusini Anfal alivaa glavu nyeupe, na wageni walisema zilimpendeza sana.