Kigingi Kilichohama

Kila Jumamosi ya likizo, baada ya kufua sare na kulalamika inavyostahili, nilimsindikiza shangazi mlimani. Shangazi ni mjiolojia wa halmashauri. Mwaka huo alikuwa akichora ramani ya sehemu zinazoweza kukumbwa na maporomoko ya ardhi, ipelekwe kwenye kikao cha mipango ya mji. Penye kijani watu wajenge. Penye nyekundu wasijenge, na waliokwisha kujenga wahamishwe.

Mimi nilikabidhiwa cheo kikubwa: mshika futikamba. Juu ya nyumba ya akina Kasuku, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, palikuwa na ufa mwembamba ardhini. Shangazi alipigilia kigingi upande wa juu na kingine upande wa chini. Kila wiki mimi na Kasuku tulipima umbali kati ya vigingi hivyo. Ukiongezeka, mlima unatembea. Kasuku aliitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko.

Wiki nne mfululizo tulipata sentimita arobaini kamili. Mvua ilinyesha hadi njia ikawa uji, lakini arobaini ikabaki arobaini. Nilimwambia Kasuku kwamba mlima wao ni mvivu kuliko mimi. Alicheka kidogo mno kwa mtu mwenye mdomo ule.

Jumamosi ya tano shangazi alichuchumaa penye kigingi cha chini, akasugua udongo kwa vidole. Ulikuwa laini, umefukuliwa juzijuzi.

"Nani amekihamisha?"

Wote wakanigeukia: shangazi, baba Kasuku aliyekuwa akipanga matofali uani, hata bibi yake Kasuku aliyekuwa akianika shuka nje ya chumba cha nyuma. Siwalaumu sana. Ni mimi niliyewahi kugonga kengele ya chakula nusu saa mapema, shule nzima ikala wali mbichi. Habari hiyo ilifika nyumbani kabla yangu. Nilisema sikukigusa. Baba Kasuku akasema iko siku mzaha wangu utaua mtu.

Nilimtazama Kasuku anitetee. Akatazama viatu vyake. Hapo nikajua.

"Umeniangusha, mwanangu," shangazi akasema. "Kikao ni Jumatatu. Haya, nionyeshe shimo la kwanza nipime upya."

Hata kama ningetaka kubeba kosa la mwenzangu kishujaa, shimo lenyewe sikulijua. Shangazi akaeleza kwamba bila shimo hilo hawezi kujua mlima umesogea kiasi gani. Bila kipimo, kikao hakitakubali nyekundu, na bibi ataendelea kulala chini ya ufa.

Kasuku alimtazama bibi yake. Kisha akainama, akafukua majani hatua fupi chini ya kigingi.

"Hapa. Kila Ijumaa nilikirudisha juu kidogo. Baba ameshanunua matofali. Mkipaka nyekundu, tutajenga wapi?"

Shangazi akapima. Sentimita sabini na moja. Baba Kasuku akaketi juu ya matofali yake.

Jioni ile ile familia yote ilihamia kwetu, bibi akitangulia na godoro lake. Jumatatu mlima ukapakwa nyekundu, na kikao kikawapa akina Kasuku kiwanja upande wa tambarare. Baba Kasuku aliniomba radhi, nusu kwa maneno, nusu kwa kikohozi.

Tukisukuma toroli la matofali, nilimuuliza Kasuku jambo moja tu.

"Kigingi naelewa. Kwa nini uliacha nilaumiwe mimi?"

"Kwa sababu wangeamini."

Nilimsimulia shangazi.

"Nilikuhukumu kwa sifa yako, si kwa kipimo," akasema. "Kwa kazi yangu hilo ni kosa kubwa. Nisamehe. Mwenzako alitaka ramani imwonee huruma, akasahau kwamba udongo hausomi ramani. Angemponza bibi yake akidhani anamjengea. Lakini na wewe jiulize: alijificha wapi? Nyuma ya mizaha yako. Ukizoea kudanganya, hata uongo wa wenzako watu watakuvisha wewe."

Nilitafuta jibu la kuchekesha hadi likizo ikaisha.