Unywele Ndani ya Kabureta

Nilikuwa nimetumwa mafuta ya taa ya zahanati, ni hilo tu. Jua limeshuka, ng'ombe wanarudi na vumbi lao, na mimi Athanasi, fundi magari wa hapa Sapiwi, natembea na chupa mkononi. Mke wangu Milembe alikuwa zahanati tangu asubuhi. Uchungu ulikuwa umeanza vizuri.

Niliporudi zahanati nilimkuta muuguzi, mama Benedikta, amesimama mlangoni. Si kawaida yake kumsubiri mtu mlangoni.

“Weka chini hiyo chupa,” alisema kwa sauti ya chini. “Mtoto amelala mlalo. Mkono umetangulia. Mimi hapa sina daktari wala kisu. Mpeleke hospitali Bariadi, sasa hivi.”

“Kwa gari gani, mama?”

“Unaniuliza mimi? Fundi ni nani?”

Gari lilikuwa moja tu kwetu. Pijo 404 pikapu ya Luhende. Nilianza kukimbia, lakini niseme ukweli, kila hatua miguu ilikuwa mizito. Nilikuwa nakwenda kumwomba gari mtu niliyemuulia mke.

Nieleze, maana Mungu anajua tayari.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kushindana vijijini, Luhende aliniletea kabureta ya hilo gari. Ilikuwa ile ile gari lililotoka nayo kiwandani, imelika. Mhimili wa kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga hewa, ulikuwa unacheza kama jino bovu, hewa inapita pembeni. Vipuri vilikuwepo. Siku hizo biashara zimefunguliwa, duka la Tajudin mjini lilikuwa na kila kitu. Nilitakiwa niende nikachukue gasketi, sindano na jeti mpya.

Sikwenda. Nilikuwa na mazoezi ya kwaya.

Nilifanya kama tulivyozoea enzi za uhaba. Nilizungushia mhimili uzi wa pamba, nikaufuta mdomo wa jeti, kale katundu ka kupitishia petroli, kwa pamba mbichi, nikafunga. Luhende akauliza, “Umebadilisha vyote, fundi?” Nikamjibu, “Vyote, kaka. Sasa mpaka Mwanza bila kuzima.”

Wiki mbili baadaye mkewe Sayi alishikwa na uchungu. Wakampakia. Katikati ya mto wa mchanga, gari likakohoa, likazima. Maji ya mvua iliyonyesha huko juu yakaja. Luhende alitoka. Sayi alionekana siku ya tatu.

Watu wakasema gari limerogwa. Bibi mmoja jirani yao, macho mekundu kwa moshi wa kuni, akaitwa mchawi; nyumba yake ilichomwa moto na yeye akakimbilia kwa ndugu zake Shishiyu. Nami niliyejua nyuzi za pamba zilivyo ndani ya jeti, Jumapili ile nilisimama mbele kanisani nikaimba sauti ya tatu.

Basi ndiye huyo niliyekwenda kumpigia hodi.

“Mwadila, kaka,” nilimwamkia. Sikuweza kumtazama. Nikamweleza.

Luhende hakuwaza. “Chukua. Mwanamke mwingine asife kwa gari.” Akashusha sauti. “Lakini tangu siku ile ukiliwasha haliungurumi dakika mbili. Lifungue. Wewe ndiye unayeijua kabureta yake. Mimi naenda na mkokoteni kumleta shemeji.”

Alikwenda kufunga ng'ombe. Dada yake Winnie alinipa taa ya chemli, nikainama bandani; nyuma yangu nikasikia mkokoteni ukiondoka.

Nati mbili. Waya wa choki. Mpira wa petroli. Kabureta ikaja mkononi mwangu, nzito kuliko nilivyoikumbuka. Giza lilikuwa linaingia haraka, nikawa naomba Salamu Maria nusu nusu, nasahau katikati.

“Winnie, sogeza taa.”

Taa ikasogea.

“Kidogo tena.”

Ikasogea. Palepale nilipotaka. Sikuinua macho. Nilifungua bakuli la boya, petroli inapokaa, tope likamwagika. Tope la mto, jipya, lina baridi... Nikasikia harufu yake. Kisha nikasikia maji nyuma yangu.

Tone.

Tone.

Nikajisemea Winnie ametoka kisimani.

Nikafungua jeti kuu. Sisi mafundi jeti huipima kwa mdomo: unaiweka kwenye midomo, unapuliza, hewa ikipita ni nzima. Nikapuliza. Imeziba. Nikavuta pumzi, nikapuliza kwa nguvu zote.

Nayo ikanipulizia.

Hewa ya baridi iliingia kinywani mwangu kupitia kale katundu, ina ladha ya mchanga. Nikaitema jeti kiganjani. Nikaona ncha ya kitu inachungulia. Nikashukuru, nikasema ni nyuzi zangu za pamba. Nikaishika kwa kucha, nikavuta.

Ilikuwa nyeusi.

Nikavuta, ikaja. Nikavuta, inakuja... shibiri, shibiri mbili, mkono mzima. Unywele. Umelowa. Mwishoni ulikuwa umefungwa fundo na uzi mweupe, na fundo lile ni la mkono wangu. Nalijua.

“Fundi.”

Ilikuwa sauti ndogo, kama mtu aliye na maji kooni.

“Ulisema umebadilisha vyote.”

Sikugeuka. Mbele yangu ulikuwepo mkono ulioshika taa. Vidole vimevimba, vyeupe kwenye ncha, kama vya mtu aliyefua kutwa nzima.

“Ni mimi, mayu, mama yangu,” nilisema. Machozi yalikuwa yameshaanguka kwenye kabureta. “Sikwenda dukani. Nilitia pamba. Ni mimi niliyekuua, wewe na mwanao. Usimchukue Milembe. Hajui lolote.”

Tone.

“Luhende anajua?”

“Hajui.”

“Yule bibi aliyechomewa nyumba?”

Niliifuta jeti kwa pindo la shati.

Niliisikia pumzi yake, inavuta na kukwama, inavuta na kukwama, kama injini inayokosa petroli.

“Funga,” alisema. “Tutakwenda wote.”

Nilifunga. Gasketi niliikata kwenye kadibodi, mhimili niliuzibia kwa grisi ili hewa isipite. Skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli nikaikaza mpaka mwisho, nikairudisha mzunguko mmoja na nusu. Nikawasha. Ikashika mara ya kwanza. Nikageuza robo, nikasikiliza, robo tena. Ikatulia, ikaunguruma laini, sijawahi kuisikia hivyo.

Mkokoteni ukaingia uani. Luhende anaongoza ng'ombe. Milembe amelala juu ya majani, amefunikwa kitenge.

Na Winnie yuko pembeni, amemshika kichwa.

“We Winnie,” nilisema, “umetoka hapa saa ngapi?”

“Si nilikupa taa tukaondoka wote na kaka? Una nini, fundi? Twende!”

Taa ilikuwa juu ya mudigadi. Mpini wake umelowa.

Luhende aliendesha, mimi pembeni yake, Milembe na Winnie nyuma. Tulipofika kwenye ule mto wa mchanga, injini ilipunguza yenyewe. Luhende alikuwa hajatoa mguu kwenye mafuta. Springi za nyuma zikalia, gari likakaa chini kidogo, kama amepanda mtu mzima. Luhende alifumba macho. Kisha likavuta, likapanda ng'ambo.

Bariadi walimpasua Milembe usiku ule. Mtoto wa kiume, mzima. Tukamwita Masele. Nililia mbele za watu.

Asubuhi, Milembe alipoamka, aliniuliza, “Yule mama mwenye mimba mliyempakia pale mtoni, wamemlaza wadi gani?”

Nilimtazama Winnie. Winnie akatikisa kichwa.

“Alinishika mkono njia nzima,” Milembe alisema. “Mkono wa baridi. Akaniambia nisisukume, nisubiri. Akaniomba mtoto akizaliwa amnyonyeshe na yeye, maana maziwa yake yamejaa na hana wa kumpa. Nikasema sawa. Ningemkataliaje?”

Masele ana miezi minne sasa. Hajawahi kushika ziwa la mama yake zaidi ya mara mbili. Anaamka ameshiba, tumbo limejaa, maziwa yamekauka kwenye midomo, na nguo yake ya kulalia ina tope jembamba mabegani. Uji hataki. Maziwa ya ng'ombe anatapika. Lakini ananenepa, mama Benedikta anamsifia kila akimpima.

Nimeungama kwa padre. Amenipa sharti moja: niende kwa Luhende, nikamwambie kwa mdomo wangu, na jina la yule bibi lisafishwe. Mara tatu nimefika uani kwake. Mara tatu nimemwamkia, nimeuliza habari za mifugo, nimerudi. Nisiwafiche, zamani niliogopa aibu. Sasa naogopa kitu kingine. Luhende akijua, labda Sayi atapumzika. Na akipumzika, mwanangu atanyonya kwa nani?

Jioni hii Milembe amejikamua mpaka ametoka machozi. Halikutoka hata tone. Mtoto alitutazama. Hakulia.

Akageuza shingo, akautazama mlango, akaanza kucheka.